Gerezani: Nozeli iliyogoma na chupa ya maji

Gerezani, jirani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, siku huanza kwa mlio wa nyundo. Leo kuna lori kuukuu ambalo nozeli yake moja imegoma kutoka. Miaka ya joto na masizi imeigandisha kwenye silenda hedi.

Kijana anayejifunza kazi anataka kuivuta kwa nguvu.

“Taratibu mwanangu. Ikikatika tunashusha hedi nzima,” fundi mzee anamzuia.

Anachukua chupa ya maji ya kunywa yenye mafuta ya taa, anamimina kuizunguka nozeli na kusubiri yapenye. Kisha anaigonga kidogo kidogo na kuizungusha kushoto, kulia, kushoto. Kufika mchana, inaachia.

Lakini chupa imebaki chini, haina kifuniko. Mtoto wa mama lishe wa jirani ameshaikaribia. Mama yake anaiwahi.

“Mzee wangu, mafuta haya yawekee dumu lake.”

“Nisamehe binti yangu. Hata mimi nina wajukuu.”

Mzazi, mafuta ya taa yakiwa kwenye chupa ya maji, mtoto huona maji. Akiyanywa, hatari kubwa ni kuingia kwenye mapafu na kusababisha nimonia. Usimtapishe wala kumpa maziwa, maana akitapika yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa. Nenda na hiyo chupa.

Jioni lori linanguruma. Mafuta yamehamia kwenye dumu, juu ya kabati la spana.