Mwalimu Wangu wa Kwanza Hakujua Kusoma

Mtu akiulizwa ni nani aliyemfundisha, mara hutaja jina la mwalimu wa mwaka wa kwanza, au la Padri aliyemwandikisha shuleni. Nami nimefanya hivyo miaka mingi. Leo nataka kulipa deni. Mwalimu wangu wa kwanza hakujua kusoma wala kuandika. Ni mama yangu, mchuuzi wa ndagala hapa Uvira. Aliyonifundisha yote yalikuwa mema, ila jambo moja. Na hilo moja nitalisema pia, kwa kuwa yeye mwenyewe amenipa ruhusa nilitaje.

Ada iliyofuata mwezi

Wasiokaa kando ya Ziwa Tanganyika yafaa waelezwe kidogo. Ndagala ni samaki wadogo, urefu wao kama kidole, na huvuliwa usiku. Wavuvi huenda ziwani na taa. Samaki huufuata mwanga, ndipo wavu huinuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote hung'aa, taa haina nguvu tena, na wavuvi hukaa nyumbani siku kadhaa. Kwa hiyo katika nyumba yetu fedha ziliufuata mwezi. Siku za giza mama aliamka saa tisa ya usiku, akashuka pwani kungoja mitumbwi, akanunua beseni moja, akawaanika ndagala juu ya mchanga. Waliokauka aliwauza sokoni, au aliwapatia wachuuzi waliopanda Bukavu kwa njia ya bonde la Ruzizi. Siku za mbalamwezi hapakuwa na samaki, wala fedha, wala mafuta ya taa.

Shule haikujua habari za mwezi. Ilitaka ada kwa siku yake. Basi mama alitoboa tundu juu ya kopo la maziwa, akalifukia chini ya kitanda. Beseni likiisha kuuzwa, kwanza alitia fedha katika kopo, kisha akanunua unga wa muhogo. Mara nyingi sisi, watoto wa muuza samaki, tulikula ugali na sombe bila samaki hata mmoja. Tukinung'unika alisema: «Samaki wenu wamo ndani ya daftari.»

Siku moja kanisani tulisikia habari za Hana, jinsi alivyompeleka mwanawe Samweli kukaa hekaluni, na jinsi alivyomshonea kanzu ndogo mwaka kwa mwaka. Njiani mama alicheka, akasema: «Kumbe naye alihangaika na yunifomu!» Tangu siku hiyo alimpenda Hana kama jirani yake.

«Leo umeniletea nini?»

Kila jioni, akiisha kunawa mikono, mama alituuliza dada yangu na mimi: «Leo umeniletea nini kutoka shuleni?» Akauliza kama mtu amwulizavyo aliyetoka sokoni. Ilitupasa kutoa kitu: neno la Kifaransa, hesabu ya kugawanya, au swali la katekisimu na jibu lake. Siku za mbalamwezi, taa ikikosa mafuta, tulikaa nje na kusema masomo kwa kichwa. Mama hakujua kama jibu letu lilikuwa sawa. Lakini alimjua mtu asiyejua. Ukisitasita kidogo tu, alisema: «Hilo hukulileta. Kesho ukalichukue.»

Nilipokuwa katika mwaka wa tatu nilipokea bulteni, yaani karatasi ya pointi, imejaa wino mwekundu. Nikamwambia mama kwamba mwekundu ni wino wa sifa. Alitabasamu, akaikunja ile karatasi, akaifunga katika pindo la kikwembe chake.

Kesho yake, tukiwa katika hesabu, nikaona kivuli mlangoni. Mama alikuwa amesimama na beseni kichwani. Harufu ya ndagala iliingia darasani kabla yake, na watoto wakashika pua zao. Mimi nikainamisha kichwa, nikajifanya simjui. Mwalimu alitoka, akamsomea pointi zangu moja moja. Mama akashukuru, akaenda zake sokoni.

Jioni sikupigwa. Mama alisema: «Herufi sizijui, mtoto wangu, lakini uso wako wadhani sijui kuusoma? Umenidanganya, hayo utayaungama kwa Padri. Lakini nilipofika uliinamisha kichwa. Kesho utanisindikiza, ukaone harufu hii inatoka wapi.»

Juma lote nikaamka naye saa tisa. Nilisimama katika upepo wa ziwa, nikabeba beseni dogo lililonyoosha shingo yangu kama mti, kisha nikaenda shuleni nikinuka kama yeye. Jumamosi, alipotia fedha katika kopo, alinipa noti nizishike kwanza. Nikaona ni nyepesi sana, nami nilijua uzito wa beseni. Sikudanganya tena juu ya pointi.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Mama, mwenye kushika samaki kila siku, aliongeza lake: ndagala mkavu hakunjiki, huvunjika.

Kosa la mama

Sasa nafika mahali pagumu.

Dada yangu alinitangulia miaka miwili. Kwa akili alinishinda mbali. Hesabu nilizozililia, yeye alizifanya huku akisonga ugali. Mwaka 1992 mambo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, yalikuwa yameharibika. Mishahara ya walimu ilikuwa kama si kitu, nao waligoma. Ili shule zisife, wazazi walikubaliana na Kanisa kuwalipa walimu wao wenyewe. Bila shaka mapatano hayo yaliokoa shule nyingi. Lakini nyumbani kwetu ada ilizidi, na kopo la mama likatosha mtoto mmoja tu. Baba alikuwa amekwisha kufariki.

Usiku mmoja wa mbalamwezi mama alituita. Alisema kwa sauti ya chini: «Mvulana ndiye atakayeshika nyumba hii. Msichana ataolewa.» Dada yangu hakulia. Aliingia ndani, akarudi na daftari lake la hesabu, akanipa. «Kurasa za nyuma ni safi bado,» akasema. Alikuwa katika mwaka wa sita. Miezi michache tu ilimbakia apate cheti cha shule ya msingi. Alfajiri alichukua beseni.

Mwaka ule niliandika katika kurasa za nyuma za daftari lile. Mbele palikuwa na mwandiko wake, mzuri kuliko wangu, na jina lake juu ya jalada. Jioni mama hakuacha kuuliza swali lake, lakini sasa aliniuliza mimi peke yangu. Dada alikuwa nyuma ya nyumba, akiosha beseni. Nami nilijibu, nikasifiwa, nikalala usingizi mzuri. Hilo nalo naliungama mbele yenu.

Simlaumu mama peke yake. Desturi hiyo ilikuwa ya wengi, na shule zenyewe zilisaidia kuipanda. Siku za Wabelgiji wavulana walitafutwa wawe makarani, walimu na makatekista. Wasichana, walipopokelewa, walifundishwa zaidi kushona, kupika na kutunza nyumba. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache sana, na mwanamke hata mmoja. Wa kwanza, Sophie Kanza, alipata shahada yake Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri. Basi mama alipokata shauri usiku ule, alipima kwa mizani aliyoikuta sokoni. Lakini mizani mbovu ni mbovu, hata kama soko zima huitumia.

Jina juu ya jalada

Vita vilikatiza masomo yangu, kwanza mwaka 1996, tena mwaka 1998. Hata hivyo mwaka 2002 nilishinda mtihani wa Serikali, nikawa mwalimu. Mama aliliweka daftari lile katika sanduku lake, pamoja na kadi zetu za ubatizo.

Mwaka 2008 parokia ilifungua darasa la kusoma kwa akina mama. Mama alikwenda, nywele zikiwa nyeupe, akakaa benchi moja na wake za watoto wa rafiki zake. Miezi kadhaa ikapita. Jioni moja nilimkuta amefungua sanduku. Alikuwa ameshika daftari, kidole chake kikitambaa juu ya jalada, herufi baada ya herufi, midomo ikitembea. Alisoma jina la dada yangu.

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: «Miaka kumi na sita nimelitunza, nikidhani ni lako.»

Akamwita dada, aliyekuwa na mume na watoto, akamwambia mbele yangu: «Mwanangu, nilipima vibaya.» Dada akamjibu: «Mama, ulipima kwa kipimo ulichokuwa nacho.» Wakashikana mikono. Mimi nilitoka nje, maana sikuwa na la kusema.

Mwezi wa Septemba mwaka huohuo mama alimpeleka shuleni binti wa kwanza wa dada, akamlipia ada kwa fedha za ndagala. Na jioni, katika ua wa dada, nikasikia swali lile la zamani: «Leo umeniletea nini?» Safari hii dada alikuwa amekaa karibu, naye akasahihisha hesabu. Binti huyo sasa amekwisha kupata diploma ya Serikali.

Daftari lenyewe halipo tena. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba nyingi za Uvira, sanduku la mama lilikwenda na maji. Kadi za ubatizo alizisikitikia. Juu ya daftari alisema tu: «Lile lilikwisha kufanya kazi yake.»

Mama zao

Tarehe 18 Agosti 2024 watu wengi walikusanyika Uvira, Kanisa lilipowatangaza kuwa Wenye Heri mashahidi wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964: Padri Luigi Carrara, Bruda Vittorio Faccin, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Watatu wa kwanza walitoka Italia. Wa nne alizaliwa mwaka 1908 upande wa Moba, kando ya ziwa letu hilihili, baba yake Mfaransa, mama yake Mkongo. Dada yangu alimweleza mama hayo yote sikioni. Mama alisikiliza, kisha akauliza: «Na mama zao? Mbona hawatajwi?»

Tangu siku hiyo swali lake halijanitoka. Kabla ya seminari palikuwa na nyumba. Na kabla ya mwalimu wa teolojia palikuwa na mwanamke aliyemwonyesha mtoto jinsi ya kufanya ishara ya msalaba.

Kwenu, akina mama

Mimi ni mwalimu, nami nawaambia neno nililoliona darasani kila mwaka. Mtoto ambaye nyumbani huulizwa habari za masomo yake hutambulikana upesi, hata kama mzazi wake hajui herufi. Basi ulizeni kila jioni. Msiseme: «Mimi sikusoma, nitauliza nini?» Mama yangu alikuwa na swali moja tu, nalo lilitosha.

Tena, fikeni shuleni. Njoni na jembe, njoni na beseni. Mtoto ataona haya siku moja. Baadaye ataona haya kwa kuwa aliona haya.

Na neno la mwisho ni lile lililotugharimu sisi. Msiwaweke mvulana na msichana katika mizani na kumtupa mmoja. Katiba ya mwaka 2006 yasema shule ya msingi ya Serikali ni bure na ni ya lazima kwa watoto wote, na tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kuitimiza ahadi hiyo. Lakini daftari, viatu na yunifomu hutoka nyumbani, na shule ya sekondari hudai ada yake. Kwa hiyo siku ya kuchagua bado huja katika nyumba nyingi za ziwa letu, hasa katika miaka hii ya vita na ya kukimbia huku na huku. Siku hiyo ikifika kwenu, akina baba nanyi mkiwapo, tafuteni kwanza kila njia nyingine: ongeeni na mwalimu, ongeeni na parokia, ombeni kulipa kidogo kidogo kwa kadiri ya mwezi. Mwalimu mwenye moyo atawasikiliza.

Mama yangu bado yu hai. Hawezi tena kushuka pwani usiku, lakini kila nimtembeleapo, hata sasa nikiwa mtu mzima mwenye mvi, huniuliza nimemletea nini. Juma hili nitamletea karatasi hii, nimsomee. Sivyo, nakosea tena. Nitampa dada aisome, nami nitakaa nyuma ya nyumba, nikiosha beseni.