Fomu ya mbio iliyokaa siku nane bila sahihi

Fomu ilikaa juu ya kabati siku nane. Ilikuwa karatasi moja tu yenye mhuri wa shule, ikimtaka mzazi aridhie mtoto wake asafiri kwenda Bukoba kwenye mashindano ya UMISSETA ngazi ya mkoa. Binti ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na katika mbio za wilaya alikuwa wa kwanza mita 100 na wa pili mita 200. Baba yake, mkulima wa kahawa na migomba katika kata ya Ihembe wilayani Karagwe, alipita mbele ya kabati hilo kila asubuhi akienda shambani na kila jioni akirudi. Kalamu alikuwa nayo mfukoni.

Sababu aliyoitoa ni kahawa. Mwezi Juni kila mwenye shamba kule yuko kwenye mavuno. Buni zinachumwa, zinaanikwa kwenye turubai, zinageuzwa, na wingu likionekana nyumba nzima inatoka mbio kuzikusanya. "Zikinyeshewa na kuota ukungu," alimwambia mkewe, "hakuna atakayenifidia kwa sababu mwanangu alikuwa anakimbia Bukoba."

Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote, na mkewe alijua. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati, na ndani yake, pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto, kuna cheti kimoja kilichokunjwa mara nne. Mzee huyo enzi za ujana wake alikuwa mkimbiaji. Alikimbia pekupeku, akawashinda wenye viatu, na watu fulani waliokuja na gari wakamwahidi timu, ajira na mahali pa kulala mjini. Akaaga nyumbani. Baada ya misimu miwili aliumia kifundo cha mguu, na wale wa gari hawakuonekana tena. Alirudi Ihembe juu ya lori lililokuwa linakwenda kupakia ndizi. Baba yake hakumuuliza kitu. Alimwonyesha jembe lilipo. Watoto wake wote wanne hawakuwahi kusimuliwa habari hii.

Siku ya sita akaja mjomba wa binti, kaka wa mama, ambaye ni mwalimu wa historia huko Muleba. Alikuja kumwona dada yake, akakuta ugomvi usio na kelele, ule ambao mama anapakua chakula na hakuna anayesema lolote. Baada ya ndizi na maharage akaanza kusimulia, kama walimu wa historia wanavyofanya hata pasipo kuombwa.

"Shemeji," akasema, "unajua mtu wa kwanza kukimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili kwenye mashindano makubwa ya Waingereza alizaliwa wapi? Alizaliwa Afrika. Accra."

Jina lake Arthur Wharton. Alizaliwa mwaka 1865 huko Accra, katika nchi inayoitwa Ghana leo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kimethodisti kutoka Grenada, na mama yake alikuwa na damu ya watu wa palepale Pwani ya Dhahabu. Kijana alipelekwa Uingereza kusoma, na mpango ulikuwa awe mwalimu na mmisionari kama baba yake. Lakini alipofika chuoni Darlington, miguu ikamshinda. Julai 1886, kwenye uwanja wa Stamford Bridge jijini London, alikimbia yadi 100, yaani mita 91 na ushee, kwa sekunde 10. Mwaka uliofuata akalitetea taji lake.

Mjomba akasimama kidogo hapo kwa sababu mwaka huo una uzito wake kwa watu wa huku. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1886 Waingereza na Wajerumani walitiliana sahihi mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Katika miaka ile Karagwe ilikuwa bado inatawaliwa na watawala wake, warithi wa Rumanika, yule aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Huko London watu walewale waliokuwa wanachora mipaka kwa rula walikuwa wamelipa kiingilio kumtazama Mwafrika akiwaacha vijana wao nyuma. Magazeti yalimsifu, na mengine yalimdhihaki kwa rangi yake.

Binti alikuwa ameacha kuosha vyombo. Mdogo wake wa darasa la nne alitaka kujua kama Wharton alivaa viatu.

Mjomba akaendelea. Wharton alikuwa pia golikipa. Alidaka Preston North End, halafu mwaka 1889 akaanza kulipwa mshahara na Rotherham Town, na leo anatajwa kuwa mwanasoka mweusi wa kwanza wa kulipwa duniani. Baadaye akasajiliwa Sheffield United. Mpira ulipokwisha, hakurudi kwenye masomo yale aliyotumwa.

"Akafa na nini?" baba akauliza. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa amefungua mdomo tangu chakula kianze.

Hapa mjomba angeweza kudanganya. Watu wazima wengi wanaowasimulia watoto habari za mashujaa huikata hadithi mahali patamu, na mtoto analala akiwa na furaha. Mwalimu huyu hakufanya hivyo. Alisema Wharton alimaliza maisha yake akiwa mfanyakazi wa mgodi wa makaa ya mawe huko Yorkshire, akafa Desemba 1930 akiwa hana kitu, akazikwa Edlington katika kaburi lisilo hata na jiwe la jina. Jiwe liliwekwa mwaka 1997, baada ya watu wanaopinga ubaguzi katika mpira kuchanga fedha.

Baba akapiga makofi mara moja, taratibu, na kumgeukia mkewe. "Umesikia ndugu yako."

Mama akajaribu kuokoa jahazi: huyo alikuwa mmoja, na wengine je? Mjomba akamtaja Marshall Taylor wa Marekani, aliyeitwa Major, na kila mtu mle ndani aliielewa habari yake haraka kwa sababu ilikuwa ya baiskeli, na Ihembe hakuna asiyejua kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda mlima. Baba yake Taylor alikuwa mwendesha gari la farasi wa familia moja tajiri mjini Indianapolis, na mtoto akapewa baiskeli na familia hiyo. Mwaka 1897 alikabwa koo na mpinzani wake mzungu mpaka akazimia, baada ya mbio tu kumalizika. Mzungu yule alitozwa faini ya dola 50. Mwaka 1899, huko Montreal, Taylor akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli. Alikataa kushindana siku ya Jumapili, na kwa miaka mingi aliacha fedha nyingi zimpite kwa ajili hiyo. Binti yake wa pekee alizaliwa mwaka 1904 huko Sydney, Australia, walikokwenda kwa mashindano, akapewa jina la mji huo.

"Naye?" baba akauliza.

Naye alifilisika, akatengana na mkewe na binti yake, akaenda kuishi peke yake Chicago, akiuza mlango kwa mlango kitabu cha maisha yake alichokichapa kwa fedha zake mwenyewe. Alikufa mwaka 1932 katika wodi ya wasiojiweza, akazikwa makaburi ya maskini. Mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani walimhamishia kaburi la heshima.

Kimya kikawa kirefu. Ni rahisi kumwona baba huyu kuwa mkaidi, na jirani mmoja alimwita hivyo hadharani. Lakini swali lake lilikuwa swali la mzazi. Wharton na Taylor walishinda. Hilo halina ubishi, na waliokuja nyuma yao walikuta mlango umefunguliwa kidogo. Ila wakati wa kushangilia watu walikuwa maelfu, na mguu ulipochoka kila mmoja akabaki na alichokuwa nacho, na walichokuwa nacho kilikuwa kidogo mno. Mzee wa Ihembe alilijua jambo hilo kwa kifundo chake mwenyewe, ambacho mpaka leo humuuma wakati wa baridi.

Mjomba akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejitetea, kwamba kwetu yupo Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na baadaye akaanzisha shule zinazobeba jina lake. Baba akasema Bayi ni mmoja. Wakaendelea hivyo kama watu wanaocheza bao.

Aliyeumaliza mchezo ni binti mwenyewe. "Tata," akasema, kama watoto wa Kinyambo wanavyomwita baba, "mimi sijaomba kuacha shule. Nimeomba siku tano."

Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea. "Wewe ulikuwa unakimbia kwa sekunde ngapi?"

Kumbe mwaka uliopita, alipotumwa cheti chake cha ubatizo sandukuni, alikuwa amekikuta na kile kilichokunjwa mara nne. Alikisoma, akakikunja vilevile, akanyamaza.

Baba alichukua muda. Akasema hajui. Siku zile waliandika nani wa kwanza na nani wa pili. Saa ya kupimia haikuwapo, au kama ilikuwapo, hakuna aliyemwambia. Kisha akasimulia, kwa mara ya kwanza, habari ya wale watu wa gari, ya mjini, na ya lori la ndizi. Mdogo wa darasa la nne alisinzia katikati.

Siku ya nane asubuhi alivaa shati la kanisani, akaenda shuleni. Alimkuta mwalimu wa michezo, akamuuliza mtoto akiumia atatibiwa kwa fedha ya nani, atalala wapi, mwalimu wa kike ni yupi katika msafara, na masomo ya siku hizo tano atayafidia lini. Mwalimu alijibu mengine. Mengine alisema ataulizia, na kesho yake alipiga simu na majibu. Fomu ilitiwa sahihi palepale ofisini, juu ya ubao wa dirisha. Kahawa ilichumwa na mama, mdogo mtu na kibarua mmoja aliyelipwa kwa debe.

Binti alirudi siku ya sita jioni, na vumbi la basi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa wa nne mita 100, hakuchaguliwa kwenda taifa. Baba alimuuliza walikula nini huko, akamuuliza kama mguu uko sawa, akamwambia turubai bado halijakusanywa.

Walipomaliza kukusanya, akamuuliza muda wake. Sekunde 13.6, akasema binti.

Kwenye mlango wa stoo ya nyumba hiyo baba huandika kwa chaki kilo za kahawa zilizopelekwa chama cha msingi, mzigo kwa mzigo, ili mtu wa mizani asije akamzidi. Aliokota chaki, akatafuta mahali penye nafasi chini ya kilo za mwisho, akaandika 13.6 na tarehe.