Tupa, Guni na Bidoni

Zama zile nchi yetu ikiitwa Zaire, mimi na wenzangu kadhaa wa Lulimba tulikuwa tukisoma upande wa ziwani, na katika madarasa mawili ya mwanzo ya sekondari, yale tuliyoyaita C.O., adhuhuri moja ya kila juma ilitengwa kwa kazi za mikono. Atelye ilikuwa na randa, misumeno na patasi, na pembeni jiriwa zilizokazwa mezani kwa parafujo, ambazo kila jioni tulizipaka mawese zisishike kutu.

Kazi ya kwanza ya chuma haikuwa panga wala jembe, kama wazee wetu walivyotaraji, bali kipande kisicho na manufaa yoyote, tulichoamriwa kukipiga tupa mpaka pande zake sita ziwe sawasawa. Mwalimu alikitwaa, akaweka guni juu yake, akakielekeza dirishani. Ukipenya mwanga, hata mwembamba kama unywele, kilirudishwa pasina neno, nasi tukaanza upya. Wazazi walinung'unika kwamba wanalipa ada ili mtoto akwangue chuma kisha kitupwe. Mimi naona kipande kile ndicho kilichokuwa elimu yenyewe, kwa kuwa jembe hata likipinda hulima, na mwenye kuunda vitu vinavyosamehe hatambui ni lini mkono wake umekosa.

Shule zilitaifishwa mwaka 1974, zikarudishwa kwa makanisa 1977, na katika kwenda na kurudi huko tupa zilizolika hazikupata badali. Miaka ya 1980, raia waliporuhusiwa kuchimba dhahabu, vijana wa kwetu walielekea Misisi, na mwenye kujua kunoa patasi za wachimbaji akampita mwalimu wake kwa kipato. Vita vya 1996 vikamaliza yaliyosalia: watu walivuka ziwa, wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na jiriwa zikachukuliwa na watu nisiowajua.

Plastiki haikuwamo katika masomo yetu. Maji tuliyateka kwa vibuyu na madebe. Leo bidoni la manjano la lita 20 ndilo sultani wa kila kisima, na likipasuka hupelekwa sokoni kwa fundi anayepasha kisu makaani, akauziba ufa kwa kipande cha bidoni jingine bovu, akijua, ingawa hakusoma kemia, kwamba kipande cha kiti au beseni hakitashikana nalo, kwani plastiki hizo si za jinsi moja, na kwamba kisu kikizidi moto kitaunguza badala ya kuyeyusha.

Ama darasani, siku hizi ufundi hunakiliwa ubaoni. Kijana wa jirani yangu alinionyesha daftari lake: amechora jiriwa kwa penseli, vizuri mno, na sehemu zake zote ameziandika kwa Kifaransa, ilhali hajapata kuizungusha hata mara moja. Mchana huvukuta moto kwa mhunzi wa nyuma ya soko, afuaye majembe kwa springi za magari mabovu, na ambaye jiriwa hana. Nilimwuliza mzee yule kama angependa kuwa nayo. Akasema naam, ila kwanza mtoto amletee ule mchoro, atazame kama aweza kuifua mwenyewe.