Picha ilicheka, lakini mama hakumtambua mtoto wake

Bulengo, magharibi ya mji wa Goma. Ilikuwa mwaka 2024, saa za magharibi, wakati watu wanapanga mstari mbele ya kibanda cha kuchaji simu. Mama mmoja mkimbizi kutoka Sake alifika akishika picha ndogo ya pasipoti. Ni ya kijana wake wa miaka 16, waliyepotezana naye mwezi wa pili, wakati wakaaji wengi walikimbia Sake kwa sababu ya mabomu.

Kijana mwenye kibanda alimwonea huruma. Alipiga picha ile kwa simu yake, akaiingiza katika programu fulani, akasema: «Mama, ngoya kidogo, njo uangalie.»

Picha ikapepesa macho. Ikageuza kichwa. Ikacheka.

Mama akashika simu kwa mikono miwili, akaita jina la mtoto. Watu wakakusanyika. Mwanamke mmoja nyuma ya mstari, ambaye hakuona vizuri, akapiga vigelegele. Kabla usiku haujaingia, habari ilikuwa imekwisha kuzunguka kati ya mahema: kijana wa mama yule amepatikana, amepiga simu ya video.

Lakini mama mwenyewe aliomba kuangalia mara ya pili, kisha ya tatu. Mara ya tatu alinyamaza, akarudisha simu. «Huyu haiko mutoto wangu. Wangu akicheka anafunikaka kinywa na mukono.»

Kijana wake alivunjika jino la mbele akiwa mdogo, na tangu siku ile anaona haya kucheka mbele ya watu. Katika picha ya pasipoti kinywa kilikuwa kimefungwa. Mashine haikujua kuna nini nyuma ya midomo, basi ikamtengenezea meno mazuri, yote mazima.

«Unisamehe, mama,» akasema kijana wa kibanda. «Nilitaka tu ufurahi.»

Programu za namna hii si jambo jipya. Mwaka 2021 kampuni ya MyHeritage, inayosaidia watu kutafuta ukoo wao, ilitoa chombo kinachofanya sura katika picha za zamani zitembeze macho na kutabasamu. Watu wengi duniani waliingiza picha za babu na bibi zao. Wengine walilia kwa furaha, wengine walisikia baridi mwilini.

Baridi ile ina maelezo ya zamani. Mwaka 1970 Masahiro Mori, mwalimu wa ufundi wa roboti huko Japani, aliandika kwamba kitu kinapofanana na mtu kidogo, kinapendeza. Kikiendelea kufanana kinazidi kupendeza, mpaka kinapokaribia kabisa kuwa mtu bila kufika. Hapo moyo unakikataa. Mori aliita sehemu hiyo bonde.

Siku hizi mashine nyingi zimekwisha kuvuka bonde lile. Mwaka 2022 watafiti Sophie Nightingale na Hany Farid walionyesha watu sura za kweli na sura zilizotengenezwa na kompyuta, wakawaomba wazitenganishe. Watu walipata karibu nusu tu, sawa na kurusha sarafu hewani. Tena sura za kompyuta ndizo zilionekana za kuaminika zaidi kidogo. Kwa hiyo anayesema «mimi nitatambua kwa macho» anajidanganya.

Kwenye vita jambo hili linakuwa zito zaidi. Mwezi wa tatu mwaka huohuo wa 2022, video ya uongo ilimwonyesha Rais Zelensky wa Ukraine akiwaambia askari wake waweke silaha chini. Ilikuwa imetengenezwa vibaya, na watu waliigundua upesi. Lakini ni wazi aliyeitengeneza alitafuta nini: watu walio katika hofu wanaamini upesi.

Huko Bulengo, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hata hivyo uongo ulitembea. Jirani aliyekuwa akimsaidia mama kufuatilia jina la kijana kwa wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu hakwenda tena, maana alisikia mtoto amepatikana. Ndugu yao aliye Minova, ambaye kila siku ya soko alikuwa akiwauliza watu wanaofika, naye akaacha kuuliza. Mama alipata habari hiyo siku ya nne. Ikabidi akope unite ili awapigie simu mmoja mmoja na kuwaambia: bado, endeleeni kutafuta.

Kesho yake, kwenye kibanda kilekile, papa mmoja mzee alileta picha ya marehemu mke wake. Naye aliiona ikitabasamu, akakaa juu ya bidoni akiiangalia muda mrefu, akashukuru, akaenda zake. Hakuna aliyepiga vigelegele wala habari yoyote haikutoka pale, kwa sababu wote walijua kwamba mke wake amezikwa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kwa aliyekufa, picha inayotembea ni ukumbusho. Kwa aliyepotea, ni kama habari, na habari ya uongo inasimamisha miguu ya wanaotafuta.

Tangu siku hizo, kijana wa kibanda anauliza kwanza: «Huyu mutu iko wapi?» Akisikia kwamba mtu huyo anatafutwa, anakataa, hata akiahidiwa pesa. Na wakaaji wa upande ule wamejifunza kuuliza maswali ambayo picha haiwezi kujibu: tulikuwa tunakuita nani nyumbani? Nani alikubeba siku ile tulipovuka mto?

Mama alirudi kwa wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu na ile picha yake ya pasipoti, isiyotembea. Kutafuta ndugu kupitia kwao hakulipishwi kitu. Mjitoleaji alimwuliza kama kuna alama yoyote ya kumtambulisha kijana.

«Andika,» mama akasema. «Jino la mbele, la kushoto, limevunjika. Na akicheka, anafunikaka kinywa.»

Wiki ile kijana alikuwa bado hajaonekana. Lakini watu wa Minova walikuwa wameanza tena kuuliza.