Godzilla kwenye sanduku la bibi harusi

Juzi tukipanga sanduku la mdogo wetu, kanga huku, udi kule, chini kabisa tukamkuta Godzilla amezongwa mtandio.

Mjomba wetu baharia alimleta kutoka Japani akiwa vipande, plastiki laini, tupu ndani. Tulimjenga sisi watatu jikoni. Unaanza kwa sabuni ya vyombo, maana vipande hutoka kiwandani na mafuta yanayokataa rangi. Kisha maji ya moto: plastiki ikilainika, kisu kinakata mabaki ya pembeni bila kelele. Mkia ulikuja umepinda. Tuliuchovya, tukaunyoosha, tukautia maji baridi, ukabaki hivyo hivyo. Miguuni tukajaza plasta asianguke. Meno alipaka mdogo wetu, moja moja, usiku tatu (sufuria ya mama haikurudi kuwa sufuria).

Mama akasema haendi. Malaika hawaingii nyumba yenye masanamu. Tukamtajia Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, na farasi wake wa mbawa mbili.

"Aisha alikuwa mtoto. Na huyu ana meno."

Tulicheka. Bibi harusi hakucheka. Sisi si wa kutoa fatwa. Vya kuchezea watoto wanazuoni wengi wameviruhusu, vya watu wazima ndipo penye mzozo.

Usiku alimzonga tena mtandio, akamkabidhi mtoto wa kaka yetu, miaka sita.

"Mkia usiuvute," akamwambia.