Aiskrimu ya Mombo

Mzee mmoja wa Lushoto alishuka Mombo pamoja na mjukuu wake, wakauze kabichi. Mombo ni mji mdogo chini ya milima ya Usambara, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, na joto lake huwachosha sana watu wa milimani. Walipokwisha kuuza, wakaingia katika kiduka cha aiskrimu.

Mwenye duka, mama mtu mzima, alikuwa akizungusha mkono wa chombo cha kale. Ndani mlikuwa na kopo la maziwa na sukari. Nje ya kopo, barafu iliyochanganywa na chumvi.

"Chumvi ya nini, mama?" mzee akauliza.

Akajibiwa ya kuwa chumvi huiyeyusha barafu, nayo iyeyukapo huyanyang'anya maziwa joto lake hata yakaganda. Chombo cha namna hiyo kilibuniwa na mwanamke wa Marekani, Nancy Johnson, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1843. Kumbe chumvi ina kazi nyingine zaidi ya mchuzi!

Mzee akaonja kijiko kimoja, akanyamaza. Kisha akasema, "Bibi yako hajapata kuonja kitu hiki tangu azaliwe."

"Babu, hakitafika. Tukifika Soni kitakuwa maziwa."

Mzee hakujibu. Aliazima chupa ya chai ya mwenye duka, akaacha kofia yake nzuri iwe rehani, wakapanda gari.

Jua lilipokuchwa, bibi akamiminiwa kikombe. Yalikuwa maziwa matupu, lakini yangali baridi. Akanywa yote, akafuta midomo.

"Haya," akauliza, "ni ya ng'ombe gani?"