Gia Zikigoma, Lushoto Bado Iko Juu

Ukitaka kumjua mtu, safiri naye. Hilo tunalijua wote. Mimi naongeza kidogo tu: safiri naye kwa pikipiki, mpande mlima wa Lushoto, halafu pikipiki yenyewe ianze kugoma njiani. Hapo utamjua vizuri huyo unayemwita laazizi, na yeye atakujua wewe.

Mpenzi msomaji, mwezi huu sikuletei hoteli yenye bwawa la kuogelea. Nakuletea barabara. Ni ile inayochepuka pale Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, ikapita Soni na kufika Lushoto mjini. Ni kilometa 33 hivi za lami nyembamba, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mombo ni joto la kuvua koti. Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni baridi la kulitafuta koti hilo hilo. Wajerumani enzi zao walipapenda mno, wakapaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Sisi wa leo tunapapenda kwa plamu, peasi, viazi na ule ukungu wa asubuhi unaofanya hata wanandoa wa siku nyingi washikane mikono.

Mimi na mwenzangu hatukwenda kutalii. Tulikwenda kikazi, kazi ya kifamilia. Mume wangu alikuwa mshenga wa mdogo wake, na upande wa binti walitutegemea saa 10 jioni. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na barua ya posa na bahasha ya fedha iliyofungwa kwenye leso. Mtu mzima haelezwi: barua ya posa haichelewi, na bahasha ya posa haichomolewi noti hata moja.

KWAHERI TANGA

Tulitoka Tanga saa 12 asubuhi na pikipiki yetu ya siisii 125, kila mtu na helmeti yake. Muheza tulisimama tukanunua machungwa. Mbele tukapita mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama daftari la mwanafunzi msafi. Raha mtindo mmoja. Nimemkumbatia mzee kiunoni, upepo mwanana, hakuna simu ya ofisini.

Kuanzia Korogwe raha ikaanza kuingia mchanga. Kila mume wangu alipotoa pikipiki kwenye frii kuweka gia ya kwanza, ilipiga "kaa!" mpaka nikaisikia kwenye nyayo. Kupanda gia ya pili ilibidi akanyage mara mbili. Tukikaribia matuta anabana klachi, lakini pikipiki bado inataka kwenda mbele kama mbuzi anayevutwa kamba. Tulipoingia Mombo frii ikakataa kabisa kupatikana. Akasimama na gia, klachi kaibana hadi mwisho, na injini ikazima yenyewe. Saa 5 kasoro, jua limewaka, mlima wote bado uko mbele yetu.

"PASUA INJINI"

Mombo mafundi hawakosekani. Wa kwanza alikuwa kijana, mchangamfu, mikono imelowa oili. Akawasha, akaweka gia, akatikisa kichwa.

"Shemeji, gia boksi imekwisha hiyo. Hapa ni kupasua injini tu."

Akataja bei. Jamani! Ilikaribiana na kilichomo kwenye leso.

Mume wangu alinitazama, kisha akautazama mkoba. Najua alichokuwa anawaza, maana na mimi nilikiwaza: tuchukue humu, tutarudishia. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tusipotengeneza hatufiki." Nami nikamjibu, "Tukichukua humu tutafika na nini, baba?" Basi tukanuniana pale pale kando ya barabara, kila mtu kashika chungwa lake.

Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuwa anaziba pancha chini ya mti akasogea. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba.

"Wanangu, kabla hamjapasua, tuiulize kwanza yenyewe."

Akaizima injini. Akaisukuma pikipiki taratibu mbele na nyuma huku akipandisha gia moja baada ya nyingine: moja, mbili, tatu, nne, tano. Zote ziliingia kama kisu kwenye siagi. Akasimama, akafuta jasho.

"Jino la gia likivunjika linagoma injini ikiwaka na linagoma injini ikizimwa. Hizi zinagoma ikiwaka tu. Ugonjwa uko kwenye klachi."

Msomaji wangu, maneno hayo yaliokoa bahasha. Acha nikueleze alivyotueleza, na wewe siku moja yakufae. Klachi ni visahani vinavyobanana katikati ya injini na gia boksi. Ukibana mkono wa klachi, waya unavuta na visahani vinaachana, nguvu ya injini inakatika kidogo, gia inaingia kwa amani. Waya ukilegea, unabana mkono hadi mwisho lakini visahani havijaachana sawasawa. Hapo unalazimisha gia zinazozunguka kwa nguvu ziingiliane. Ndiyo ile "kaa!", ndiyo frii kupotea, ndiyo pikipiki kutaka kutembea ukiwa umebana.

Akatuonyesha ncha ya mkono wa klachi. Kwa pikipiki nyingi ndogo inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 hivi kabla waya haujaanza kukaza. Yetu ilicheza kama mlango wenye bawaba mbovu. Alipochomoa waya tukaona nyuzi nusu zimekatika karibu na mkono, zilizobaki zimevutika. Akatuonya pia kuhusu upande wa pili: waya ukikazwa kupita kiasi, klachi inateleza. Injini inanguruma kwa makelele, mwendo hauongezeki, na visahani vinaungua kabla ya siku zake. Kwa hiyo dawa si kukaza tu, ni kukaza kwa kipimo.

Kisha akachomoa kijiti cha oili. Nyeusi tii, tena imeshuka chini ya alama. Mume wangu akakohoa kidogo, akasema alikuwa anasubiri mwisho wa mwezi. Mzee akacheka. "Mwanangu, kwa pikipiki nyingi kama hii oili ni moja tu, inalainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Ikichoka, vyote vitatu vinachoka."

Akamwaga ya zamani, akaweka lita moja hivi ya oili ya pikipiki. Akasisitiza iwe ya pikipiki, kwa sababu baadhi ya oili za magari zina dawa za kuongeza utelezi, na klachi inayoogelea kwenye oili hiyo inaanza kuteleza. Kama unajinunulia mwenyewe, tafuta kopo lenye maandishi JASO MA. Waya mpya, oili mpya na ufundi, vyote vililipwa kwa pesa yetu ya chakula cha mchana. Mkoba wangu haukufunguliwa. Yule kijana naye alisimama anaangalia muda wote, na mwisho ndiye aliyemshikia mzee spana.

BAADA YA SONI, MOSHI MWEUSI

Saa 7 tukaanza kupanda. Gia sasa zinaingia kwa unyayo mmoja, mume wangu anapiga mluzi. Kulia bonde, kushoto ndizi zimening'inia juu ya vichwa vyetu, watoto wanapunga mikono. Soni tulisimama kuangalia maporomoko ya maji na kula mahindi ya kuchoma, maana pesa ya wali ndiyo ile imebaki Mombo.

Tulipoiacha Soni likaja jipya. Kwenye mwinuko injini ikawa inamisi, inakohoa, inakosa nguvu. Nikigeuka nyuma naona moshi mweusi. Mtu mwingine angesema yule mzee katuharibia pikipiki. Mwenzangu alisimama pembeni, akazima, akasema neno lililonifurahisha kuliko "nakupenda" za mwaka mzima: "Tuanze na cha bei rahisi."

Akafungua plagi. Plagi, wapenzi, ni ulimi wa injini, na daktari huanza na ulimi. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeupe kama chaki, inapata petroli kidogo mno au inachemka. Ikiwa nyeusi, kavu, yenye masizi kama sufuria ya kuni, petroli inazidi hewa. Ikiwa imelowa oili, hapo ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na sasa una haki ya kuogopa.

Yetu ilikuwa na masizi makavu. Na sababu ilieleweka. Kwanza, kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi, ukikigonga kinatoa wingu. Pili, tulikuwa tumetoka baharini tunapanda mlimani. Kila unapopanda mita 1,000 hewa inapungua uzito kwa asilimia 10 hivi. Kabureta haijui kama umehama Tanga. Inaendelea kumwaga petroli ile ile kwa hewa iliyopungua, na injini inavimbiwa. Pikipiki mpya zenye mfumo wa kompyuta wa kunyunyizia petroli hujirekebisha zenyewe. Za kabureta zinataka mkono wa mtu.

Sponji ya kichujio tulifua kwa sabuni kwenye maji ya kijito, tukaikamua kwa kitambaa, tukaianika juu ya jiwe. Plagi ikasuguliwa kwa brashi ndogo. Sponji ilipokauka akaipaka oili kidogo sana, akafunga. Tukawasha. Moshi ukapungua, kukohoa kukaisha. Nguvu za Tanga hazikurudi zote, lakini mlima haukuhitaji zote. Saa 9 na nusu tulikuwa Lushoto mjini tunanawa uso. Saa 10 kamili tulibisha hodi. Leso ilifunguliwa mbele ya wazee, zikahesabiwa, zikatosha. Barua ikapokelewa.

KUSHUKA NDIKO KUNAKOUA

Kesho yake tulijizawadia Irente, kilometa chache tu kutoka mjini. Unatembea kama unakwenda shambani kwa mtu, ghafla ardhi inakwisha. Chini kabisa ni Mazinde na ile nyika ya joto tuliyoipita, barabara kuu ni uzi, mabasi ni siafu. Kama una neno gumu la kumwambia mwenzako, pale panafaa. Sisi tulizungumza mambo ya pesa, ambayo nyumbani huwa yanaishia mlango kubamizwa. Pale yaliisha vizuri. Tumekubaliana servisi ya pikipiki iwe na bahasha yake.

Kabla ya kushuka alikagua cheni. Cheni iliyolegea inarusharusha pikipiki kila ukibadili gia, na wengi hudhani ni gia boksi. Ibonye katikati kwa kidole. Kwa pikipiki ndogo nyingi icheze milimita 20 hadi 30 hivi, na uizungushe tairi upime pale ilipokaza zaidi. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka kama mapezi ya papa, badilisha pamoja na cheni.

Mlimani tulishuka na gia ya pili, injini yenyewe inashikilia mwendo, breki zinasaidia tu. Usishuke kwa frii ati unaokoa petroli. Breki zikichemka kwenye kona za Soni, petroli uliyookoa haitakusaidia kitu.

KABLA HUJAMKUBALIA FUNDI

Kata ukurasa huu, uweke chini ya siti:

1. Gia zinagoma? Zima injini, sukuma mbele na nyuma, jaribu zote. Zikiingia vizuri, anzia kwenye waya wa klachi.

2. Pima mchezo wa mkono wa klachi na uangalie nyuzi za waya zilizokatika. Beba waya wa akiba.

3. Chomoa kijiti cha oili. Kama ni nyeusi au imepungua, badilisha kwa kilometa zilizoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, usingoje mwisho wa mwezi.

4. Injini inamisi? Plagi na kichujio cha hewa kwanza. Petroli chafu pili. Kabureta tatu. Kupasua injini mwisho.

5. Gia ikiingia kisha ikachomoka yenyewe, au ukikuta vipande vya chuma kwenye oili iliyomwagwa, hapo usibishane. Injini ifunguliwe.

Na kwa wapendanao: mwenzako akianza kupiga "kaa!" kila mkibadili gia, usikimbilie kusema ndoa imekufa. Angalia waya kwanza. Pengine ni neno moja tu lililolegea siku nyingi na hakuna aliyelikaza.

Safari njema, na helmeti ziwe mbili.